Sangala wa kilindini, kuhe wa mwambani: kuvua kwa mshipi Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma

Aliyezoea kuvua bwawani akifika Kigoma husumbuliwa kwanza na kina. Ziwa Tanganyika linazama hadi mita 1,470, na upande huu mteremko huanza karibu sana na nchi kavu. Ukitoka mialo ya Bangwe au Katonga, makasia machache tu yanakufikisha kwenye maji ambayo mshipi wa kawaida haugusi chini. Kina hicho chote, hata hivyo, si cha samaki. Upande wa kaskazini wa ziwa oksijeni huishia karibu na mita 100. Chini ya hapo maji hayachanganyiki na ya juu, na samaki hawezi kuishi.

Kwa anayemtafuta sangala wa chini, maana yake ni kwamba uwanja wake ni utepe mwembamba unaofuata ufukwe, ambako sakafu ya ziwa iko kati ya mita 40 na 90. Upepo ukikusukuma nje ya utepe huo utakesha na chubwi (uzito wa mwisho wa mshipi) inayoning'inia patupu. Wengi wanaorudi bila kitu hulaumu chambo, kumbe walikosea kina.

Kuna sangala wa aina kadhaa. Wale wa chini (Lates mariae) wana macho makubwa yaliyoumbwa kwa ajili ya giza. Mchana hulala kilindini, na giza likiingia hupanda kuwafuata dagaa. Kuhe hana undugu na sangala. Yeye ni wa jamii ya perege, tena mmoja wa wakubwa kabisa wa jamii hiyo duniani, na anapita nusu mita kwa urefu. Huyu anapenda mahali mwamba unapokutana na mchanga, mita 5 hadi 30, na anawinda kwa macho. Samaki hawa wawili hawavuliwi kwa zana moja, na anayejaribu hivyo huwakosa wote.

Mshipi wa sangala

Nunua nailoni ya mm 0.9, urefu wa mita 140 au zaidi. Urefu huo unahitajika hata pale kina ni mita 80, kwa sababu mtumbwi ukisogea mshipi hulala mshazari. Ukilala nusu kwa nusu kati ya wima na uso wa maji, mita 80 za nailoni zinakufikisha mita 57 tu. Hapo unadhani uko chini, kumbe chambo kinaelea juu ya samaki.

Weka alama kila mita 10, kwa futi kamba ya fundi. Pima ya mikono inatosha kwa mazungumzo mwaloni, lakini inafuata urefu wa mtu. Pima ya mtu mfupi na ya mtu mrefu zikirudiwa mara 40 hutofautiana kwa mita kadhaa. Lowesha nailoni kwanza, ivute kidogo, ndipo ufunge uzi wa cherehani. Tumia rangi moja kwa kila mita 10 na rangi nyingine kwa mita 50. Usiku rangi hazionekani, kwa hiyo kwenye mita 50 funga mizunguko minene ambayo vidole vitaihisi.

Chubwi ya kununua ni ghali na inapotea mara kwa mara miambani. Tumia nondo. Nondo ya mm 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita, hivyo kipande cha sm 40 ni kama gramu 355, kinachotosha maji yakitulia. Upepo ukiwepo chukua nondo ya mm 16. Sm 30 za hiyo ni karibu gramu 475. Piga tupa ncha zote mbili ili zisikate mshipi, kisha kunja kichwa kiwe kitanzi.

Chubwi inakaa mwisho kabisa, na ndoana kwenye tawi la sm 40 lililofungwa nusu mita juu yake. Tawi liwe la nailoni hiyohiyo ya mm 0.9. Meno ya sangala ni laini kama brashi, lakini vifuniko vya mashavu yake vina miiba na kingo kali zinazokata uzi mwembamba, na vidole pia. Chubwi yenyewe ifunge kwa uzi dhaifu zaidi, wa mm 0.5. Ikinasa kwenye mwamba unavuta, uzi ule unakatika, unapoteza kipande cha nondo na kubaki na ndoana, tawi na mshipi wote. Anayefunga chubwi kwa uzi mnene hupoteza mita 60 kwa mkupuo mmoja.

Ndoana iwe namba 7 hadi 9 (kumbuka namba ikipungua ndoana inakua). Ijaribu ukuchani: ikiteleza bila kukwaruza, inole. Unapofunga fundo zungusha uzi mara nne au tano, lowesha kwa mate, kisha kaza polepole. Nailoni ikikazwa kavu inapata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo, na ndipo itakapokatikia samaki akiwa kando ya mtumbwi.

Chambo

Dagaa wa asubuhi kutoka kwenye vipe (vyombo vinavyovua dagaa usiku kwa taa na wavu) ni wazuri, ila ni laini. Ukimshusha haraka mita 70 anafika kichwa kitupu. Ukitumia dagaa, weka watatu au wanne, kila mmoja apitishwe machoni. Kinachodumu zaidi ni kipande cha mgebuka: kata kutoka tumboni kuelekea mkiani, kirefu cha sm 10 na kipana cha vidole viwili, ukiacha ngozi. Ndoana ipite upande mpana mara moja tu ili kipande kipepee majini. Ukiichoma mara mbili chambo hujikunja na kuzunguka kama feni, na tawi linajisokota kwenye mshipi mkuu. Samaki mdogo aliye hai, aliyechomwa midomo yote miwili, anashinda vyote hivyo, lakini kumweka hai ndani ya ndoo hadi usiku ni kazi. Badilisha maji kila nusu saa.

Kushusha na kusikiliza

Nanga katika kina hiki haifai. Mita 70 zinataka kamba ndefu mno, na jiwe likikwama umeliaga. Vua ukielea, na upepo ndio unaokuambia uanzie wapi. Usiku uliotulia upepo mwepesi hutoka milimani kwenda ziwani, kwa hiyo anzia mita 40 uache mtumbwi uteleze hadi 90, kisha rudi kwa makasia. Mchana upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani. Hapo anzia nje umalizie ndani. Ukienda kasi kuliko mwendo wa mtu anayetembea taratibu, tupa gunia lililofungwa mdomo nusu litanuke majini nyuma ya mtumbwi, likupunguzie mwendo.

Shusha mshipi kwa mkono uliokaza kidogo, usiuachie tu. Nondo ikigonga chini utahisi mshipi unalegea ghafla. Vuta pima moja juu, ushike hapo. Kila dakika mbili tatu gusa chini tena, kwa maana sakafu inashuka unavyoelea. Mshipi ukilala sana, vuta wote uongeze uzito. Kuachia nailoni zaidi hakutibu mshazari, kunauongeza.

Sangala hagongi kama kuhe. Unahisi mguso mdogo, kisha uzito unaobaki pale. Usivute kwenye mguso. Uzito ukikaa, vuta mikono miwili mfululizo kwa nguvu. Nailoni ndefu inanyumbuka kiasi kwamba mvuto mfupi wa juu haufiki kabisa kwenye ndoana. Baada ya hapo usilegeze hata kidogo, kwa kuwa mdomo wa sangala ni mkubwa na tundu la ndoana hupanuka haraka. Vaa vipande vya mpira wa baiskeli kwenye vidole. Mshipi usiuzungushe kiganjani kamwe. Samaki mkubwa akigeuka, kinachofuata ni kidole. Nailoni inayopanda iangukie ndani ya beseni, mbali na miguu na makasia.

Ukimpandisha kutoka kilindini utaona tumbo limevimba, pengine utumbo umetokeza mdomoni. Ni kibofu chake cha hewa kilichotanuka baada ya mgandamizo kupungua. Samaki huyo ukimrudisha majini hataweza kuzama tena. Kwa hiyo ukianza kupata wadogo mfululizo, kuwaachia hakusaidii. Hama hapo, nenda kwenye kina kingine.

Kina chenyewe hakitulii mwaka mzima. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi husukuma maji ya joto ya juu kuelekea kaskazini, na tabaka la baridi upande wetu linashuka. Upepo ukikoma, maji ya ndani yanarudi na kuyumba kwa majuma kadhaa, ingawa juu ziwa limelala kimya. Ndiyo sababu mita 60 zilizokupa samaki wiki iliyopita leo zinaweza kuwa kame. Anza na mishipi miwili, mmoja mita 50 na mwingine 75, uone upi unaguswa kwanza.

Kuhusu mwezi: siku za giza vipe vinatoka na taa, dagaa wanakusanyika, migebuka na sangala wanakuja chini yao. Ni nafasi nzuri, lakini usijisogeze hadi kwenye mwanga. Mshipi wako ukinasa kwenye wavu wao unaopandishwa, lawama ni yako, na ni halali. Omba ruhusa, kaa upande ambao upepo unakutoa kwao, mita 50 au zaidi, na vua ukingoni mwa mwanga ambako giza linaanza. Mbalamwezi vipe vingi hupumzika na chambo kinaadimika, basi hifadhi migebuka ya barafu mapema.

Kuhe

Hapa adui ni uangavu wa maji. Siku ya utulivu unaona mawe chini kabisa, na kuhe anakuona wewe. Tumia nailoni ya mm 0.45 hadi 0.5, ndoana namba 10 hadi 12, na vua alfajiri hadi jua linapopanda, kisha tena jioni. Kivuli cha mtumbwi kikipita juu ya mwamba kabla ya chambo, hapo pamekwisha kwa saa nzima.

Njia inayolipa ni kuburuta kijiko. Chukua kijiko cha chai cha chuma, kata mpini, piga tupa ukingo mpaka usikwaruze. Toboa tundu la mm 3 kila upande, mm 5 kutoka ukingoni. Tundu la mbele lichukue pete ya waya usioshika kutu kwa ajili ya mshipi, la nyuma lichukue ndoana moja, ncha ikitazama upande uliobonyea. Ndoana za pembe tatu zinazouzwa pamoja na vijiko vya dukani zing'oe. Zinashika mawe kuliko zinavyoshika samaki. Kabla ya kuachia mshipi, buruta kijiko kando ya mtumbwi ukitazama. Kinatakiwa kiyumbe kushoto na kulia. Kikizunguka kabisa, punguza mwendo au kipige nyundo kidogo kiwe bapa zaidi, la sivyo nailoni itajisokota yote. Kifungo kinachozunguka, kikiwekwa nusu mita mbele ya kijiko, hupunguza tatizo hilo ingawa hakiliondoi.

Achia mita 30 hadi 40 nyuma, makasia ya taratibu yasiyogonga ubao. Kijiko kitupu kinapita karibu na uso wa maji. Ili kishuke, weka chubwi ya risasi ya gramu 60 mita tatu mbele yake. Fuata mstari ambako rangi ya maji inabadilika kutoka njano ya mchanga kwenda weusi wa mwamba, ukipinda kidogo mara ndani mara nje. Kuhe hugonga kwa kishindo na papo hapo hukimbilia mawe. Mtoe kwenye mwamba katika sekunde za kwanza, maana akiingia pangoni uzi wa mm 0.5 hauna ubishi na jiwe.

Ukiona kuhe wawili wakizunguka sehemu moja ya mchanga, na chini yao wingu la vifaranga, pita mbali. Baba na mama hulinda pamoja. Mmoja akiondoka, samaki wengine hula kizazi chote.

Mambo ya pembeni yasiyo madogo

Uwe na leseni ya uvuvi, na chombo kiwe kimesajiliwa; BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) ya mwalo wako itakuelekeza. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo ulizia tarehe za mwaka husika kabla hujanunua nailoni. Hifadhi ya Mahale inajumuisha ukanda wa maji wa kilomita 1.6 kutoka ufukweni, na humo usivue bila ruhusa ya hifadhi. Kwenye midomo ya mito ya Luiche na Malagarasi kuna mamba. Kwenye mawe ya ufukweni kuna swila wa maji, ambaye hana haja na wewe ilimradi usitie mkono pangoni kutafuta ndoana iliyokwama. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Dhoruba za masika hazisubiri mtu alifungue fundo.

Maji ya juu ya ziwa yana joto la nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo ndoo ya maji haimhifadhi samaki. Mkate matamvua damu itoke, mtoe matumbo, kisha barafu iliyopondwa kilo kwa kilo, ukijaza na tumboni. Kama barafu hakuna, gunia la katani lililoloweshwa na kuwekwa kivulini penye upepo litakufikisha mwalo wa Kibirizi asubuhi, mradi uliloweshe tena kila linapoanza kukauka. Mgebuka ndiye anayeharibika upesi kuliko hao wengine; muuze kwanza.