Somo: Kunakili na kubandika maandishi kwa amri kwenye Linux

Wakuu, habari zenu. Amri ikitoa majibu marefu, wengi huanza kuyavuta kwa mausi, skrini inakimbia na nusu ya maandishi inabaki nje. Hakuna haja ya kuteseka hivyo.

Hatua ya 1. Jua mfumo wako wa skrini:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Hatua ya 2. Ukijibiwa x11, sakinisha xclip, programu ya kunakili na kubandika kwa amri. Ukijibiwa wayland, sakinisha wl-clipboard, inayofanya kazi hiyo hiyo. Kwa Ubuntu au Debian:

sudo apt install xclip

Hatua ya 3. Nakili, kisha bandika:

xclip -selection clipboard < ripoti.txt
xclip -selection clipboard -o > nakala.txt

Usiruke hayo maneno "-selection clipboard". X11 ina mbao mbili za kunakilia zinazotumika zaidi, yaani sehemu za muda za kuhifadhi ulichonakili. Wa kwanza, primary, hujaa pale tu unapochagua maandishi kwa mausi, na hubandikwa kwa kitufe cha katikati. Wa pili, clipboard, ndio wa Ctrl+C na Ctrl+V. Usipoitajia ubao, xclip huandika kwenye primary. Unaenda kwenye barua pepe, unabonyeza Ctrl+V, yanatoka maandishi ya zamani!

Hatua ya 4. Fupisha. Weka majina haya mafupi ya amri (alias) mwishoni mwa ~/.bashrc, faili la mipangilio ya terminali, kisha fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) upya:

alias nakili='xclip -selection clipboard'
alias bandika='xclip -selection clipboard -o'

Sasa "ip addr | nakili" inatosha: alama | hupeleka majibu ya amri ya kwanza kwenye ya pili. Wa Wayland mna wl-copy na wl-paste. Wa Mac, pbcopy na pbpaste zimo tayari.

MASWALI

Mkuu, nikibandika tokeni (msimbo wa siri wa kuingilia) inakataliwa, ila nikiichapa kwa mkono inakubali.
– Bila shaka umetumia echo, ambayo huongeza mstari mpya mwishoni. Tokeni ikiwa kwenye faili, tumia: tr -d '\n' < tokeni.txt | nakili. Usiiandike ndani ya amri yenyewe, itabaki kwenye historia ya terminali.

Nimeingia kwenye seva ya mbali kwa amri ya ssh, xclip inasema "Can't open display".
– Seva haina skrini, ndugu yangu, na ubao unaoutaka uko kwenye kompyuta yako. Toka, kisha ukiwa kwako andika:

ssh jina@seva 'tail -n 200 /var/log/syslog' | nakili

Kwenye skripti yangu "nakili" haitambuliki.
– Alias hazifanyi kazi ndani ya skripti za bash kwa kawaida. Humo andika amri ya xclip nzima.