Doklosa ya mlango wa duka au ofisi: usinunue kabla hujapima

Juzi kati niliitwa Mwanga hapa Kigoma, famasi ina mlango wa mninga wa kutoka Tabora, mzuri kweli, doklosa mpya (kile kifaa cha juu ya mlango kinachoufunga wenyewe taratibu), ila upepo wa ziwani ukivuma mlango unajibamiza mpaka chupa zinagongana kwenye rafu. Kucheki ubavuni mwa doklosa, namba 2, yaani saizi ya nguvu yake. Nikajua hapa mtu kanunua kwa kuangalia bei tu.

Sasa fanya hivi.

1. Anza na mlango wenyewe. Toa doklosa kama ipo, sukuma kwa kidole. Ukikwaruza sakafu au bawaba zimelegea, rekebisha hizo kwanza, maana hakuna doklosa itakayokuokoa hapo.

2. Pima upana, kadiria uzito. Namba 2 ni ya mlango wa hadi sentimita 85 na kilo 40 hivi, namba 3 ni 95 na kilo 60, namba 4 ni mita 1.10 na kilo 80. Mninga mzima wa sentimita 90, unene 4.5, unavuka kilo 50, kwahiyo namba 2 pale ilikuwa imeonewa tu. Na kama upana unasema 3 ila uzito unasema 4, chukua 4. Mlango unaotazama ziwa pia ongeza saizi moja juu, au chukua ile ya kuadjasti 2 mpaka 4, ila usipitilize, watoto na wazee watashindwa kuufungua.

3. Mlango wa kioo kitupu usio na fremu, hiyo ni kazi ya flospringi, yaani mashine ya kufunga mlango inayochimbiwa chini sakafuni.

4. Ule mkono wa doklosa unaouacha mlango wazi ni mtamu dukani, lakini mlango wa kuzuia moto usiuwekee kabisa, ule lazima ujifunge wenyewe.

5. Ukishafunga, chukua bisibisi. Kwa kawaida kuna skrubu mbili, moja ya mwendo wote, nyingine ya zile sentimita za mwisho kabla ya kitasa kudaka. Zungusha robo, fungua mlango, angalia, robo tena. Mimi napenda kutoka wazi mpaka kufunga zipite sekunde 5 mpaka 7. Ukiizungusha skrubu kwa hasira mpaka ikachomoka oili inamwagika, na ikishamwagika hairudishwi, unanunua nyingine. Mbili nimeshalipa mfukoni mwangu hivyohivyo.