Ukitaka kubishania reli ya chini ya ardhi, anza na abiria mmoja

Nafundisha jiografia hapa Lamu, na kila Jumatano baada ya alasiri nasimamia mdahalo wa kidato cha tatu. Muhula huu tuliteua hoja ya mbali: je, jiji la New York lirefushe reli yake ya chini ya ardhi, ile ya Second Avenue, barabara ndefu ya mashariki mwa Manhattan, kitovu cha jiji, mpaka mtaa wa 125? Wanafunzi wangu wengi hawajapanda treni hata ya Mombasa. Mizigo ya mji wetu yapita Usita wa Mui juu ya mgongo wa punda. Siku ya kwanza mdahalo ulikufa mapema. Upande mmoja ulisema New York ni tajiri, ijenge. Wa pili ukasema ni ghali mno, isijenge. Basi, pakawa kimya.

Ubishi wa namna ile nausikia pia barazani, watu wazima wakizungumzia bandari na barabara, na huniuma kwa sababu miradi hii hugusa maisha ya watu. Njia ninayoieleza hapa ndiyo iliyotutoa pale. Yafaa kwa mradi wowote mkubwa wa usafiri, ila mfano wangu utabaki New York.

Kwanza, ibane hoja yenyewe iwe na mipaka. "Reli ni muhimu" haina mpinzani, kwa hiyo haina mdahalo. Sisi tuliiandika upya ubaoni hivi: "New York ijenge awamu ya pili ya Second Avenue kabla ya mradi mwingine wowote wa reli." Neno "kabla" ndilo lililofungua vinywa. Ghafla wapinzani hawakulazimika tena kuichukia reli. Walitafuta mradi mwingine wa kuushindanisha nao, wakaupata: njia ya treni nyepesi kati ya Brooklyn na Queens, sehemu nyingine mbili za jiji hilo, takriban kilomita 22, itakayopita kwenye ukanda wa reli ya mizigo uliopo tayari. Mradi huo ulitangazwa mwaka 2022 na kukadiriwa dola bilioni 5.5. Awamu ya pili ya Second Avenue ina vituo vitatu tu, mtaa wa 106, wa 116 na wa 125, na gharama yake hutajwa kuwa kati ya dola bilioni 7 na 8. Hapo kuna cha kubishania.

Pili, na hapa nawaomba mtulie, mtafute abiria mmoja.

Niliwapeleka wanafunzi jetini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila mmoja na daftari. Kazi yao ilikuwa kuhesabu watu wanaoshuka na wanaopanda boti za Mokowe, na kuandika saa. Binti mmoja wa Matondoni alichora mistari midogo, mitano mitano, akiifunga kwa mstari wa kukata kama wahesabuo magunia. Saa moja ukurasa ulikuwa umejaa wino. Saa tatu ukurasa ulikuwa karibu mtupu, na boti zilezile zimefungwa zikipigwa na mawimbi, manahodha wakinywa kahawa. Akaniuliza, "Maalim, kwani boti ni chache au ni nyingi?" Nikamwambia hilo ndilo swali la mdahalo wetu wote. Msongamano hauhesabiwi kwa siku. Huhesabiwa kwa saa moja na kwa upande mmoja wa safari. Ukisikia mtu anataja abiria wa siku nzima, mwulize: saa ngapi, na wakielekea wapi?

Tukavuka kwa mawazo hadi New York. Mdogo wangu anaishi Harlem Mashariki, kaskazini mwa Manhattan, upande wa First Avenue, karibu na mtaa wa 116. Kila asubuhi huenda kwa miguu hadi Lexington Avenue, iliko reli iliyo karibu naye. Nilimwomba ajipimie muda. Alinirekodia sauti akitembea, pumzi zinasikika, na magari, na mwishoni anasema, "Dakika kumi, dada, na goti langu." Wanafunzi waliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Kituo kipya cha Second Avenue kingemfupishia mwendo kwa zaidi ya nusu, yaani dakika tano au sita.

Waungaji mkono walivunjika moyo. Mabilioni yote yale kwa dakika sita? Lakini wasiikimbie hesabu hiyo. Ni afadhali waitaje wenyewe kabla mpinzani hajaitaja, kisha waseme faida kubwa iko wapi. Kabla ya mwaka 2020 reli ya Lexington ilikuwa ikibeba watu wapatao 1,300,000 kwa siku, nao walikuwa wengi kuliko abiria wa mifumo mizima ya miji kadhaa mikubwa ya Marekani. Asubuhi mdogo wangu huacha treni ipite kwa sababu mlango haumpokei; reli mpya ingeipunguzia ile ya Lexington mzigo huo. Tena vituo vipya vitakuwa na lifti, na mwenye goti bovu ajua maana yake. Abiria mmoja aliyefuatwa hatua kwa hatua huonyesha faida ipo wapi na haipo wapi. Atafutwe na upande wa pili pia: yule wa Brooklyn anayetaka kwenda Queens, ambaye mara nyingi hulazimika kuingia Manhattan kwanza ndipo atoke tena.

Tatu, yatenganishe maswali matatu ambayo watu huyachanganya: inachimbika? Inajazika, yaani abiria wapo? Inalipika? Msemaji mmoja achukue moja, asiliguse la mwenziwe.

La kuchimbika huwa jepesi kuliko watu wanavyodhani. Wahandisi wamechimba chini ya mito na chini ya majumba. Hofu ya ardhi hata hivyo yaweza kuzuia reli miaka mingi: Los Angeles, mwaka 1985, gesi ya methani ililipuka katika duka moja mtaa wa Fairfax, na serikali kuu ikapiga marufuku fedha zake kutumika kuchimba handaki eneo lile. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa mwaka 2007, baada ya wataalamu kusema yawezekana kuchimba kwa usalama. Kwa Second Avenue waungaji wana hoja nzuri: kipande cha handaki kati ya mtaa wa 110 na wa 120 kilikwisha chimbwa miaka ya 1970, kikaachwa kitupu fedha za jiji zilipokauka mwaka 1975. Sasa kitatumika.

La kujazika tumelimaliza kule jetini.

La kulipika ndilo lenye vita, na ndilo ninalotaka vijana walijue barabara. Awamu ya kwanza, iliyofunguliwa tarehe 1 Januari 2017, iligharimu takriban dola bilioni 4.45 kwa vituo vipya vitatu na kilomita zisizofika tatu. Gawanya mwenyewe ubaoni: ni kama dola bilioni moja na nusu kwa kilomita. Halafu weka Madrid kando yake. Kati ya 1995 na 1999 Madrid iliongeza takriban kilomita 56 za metro kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Mwanafunzi akiishia hapo atakuwa amesema "ghali" kwa maneno mengi. Aulize kwa nini. Fedha nyingi za New York hazikumezwa na handaki, zilimezwa na vituo: mapango makubwa yaliyochongwa ndani ya mwamba, marefu na mapana kuliko jukwaa lenyewe la abiria. Madrid ilitumia ramani nyepesi za vituo, ikizirudia, ikawa na kikosi kidogo cha wahandisi wake wenyewe, na uamuzi ulitolewa upesi.

Mtazame hoja inavyogeuka. Mpinzani alikuwa anasema "tusijenge", sasa anaweza kusema "tusijenge hivi". Mimi naiona hiyo kuwa hoja yenye nguvu kuliko zote katika mdahalo huu, na nimewaambia wanafunzi wangu hivyo waziwazi. Muungaji naye awe tayari kujibu kwamba mwamba wa Manhattan si udongo wa Madrid, na kwamba kuichora upya ramani kwaweza kula miaka mingine.

Uulize pia fedha zatoka mfuko gani. Serikali kuu iliahidi dola bilioni 3.4 mwaka 2023. Nyingine zategemea tozo ya magari yanayoingia Manhattan kusini ya mtaa wa 60, dola 9 kwa gari dogo mchana, iliyoanza tarehe 5 Januari 2025 baada ya kusimamishwa na gavana mwaka uliotangulia, wiki chache tu kabla ya siku yake. Fedha iliyowahi kusimamishwa kwa tamko moja yaweza kusimamishwa tena, na wapinzani wana haki ya kulisema hilo.

Bei ya kwanza ya mradi huwa haina wavuvi ndani yake. Msemo huu ni wetu wa hapa. Bandari ya LAPSSET, ule mradi wa bandari, barabara na reli kutoka Lamu hadi Sudan Kusini na Ethiopia, ilipokuja, fidia ya wavuvi waliopoteza maji yao ya kuvua ilifika mpaka Mahakama Kuu ya Malindi, ambayo mwaka 2018 iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, na reli iliyochorwa pamoja na bandari hiyo bado hatujaiona. Basi mtafute mvuvi wa Second Avenue ni nani. Ni mwenye duka ambaye mbele ya mlango wake hujengwa uzio, wateja wakapungua, na uzio ukakaa miaka.

Usiulinganishe mradi na hali ya kutofanya lolote. Mpinzani halisi wa treni ni basi lenye njia yake. Second Avenue ina basi la kasi tangu mwaka 2010, abiria hulipa kabla ya kupanda. Muungaji asiyelitaja basi hilo atatajiwa.

Neno la wazee lipewe nafasi, kwa kuwa mradi ni ahadi pia. Reli za juu za Second Avenue na Third Avenue upande ule wa Manhattan zilibomolewa, moja ikafungwa kabisa mwaka 1942 na nyingine 1955, na watu wakaambiwa ya chini inakuja. Ilitajwa kwenye ramani tangu miaka ya 1920. Harlem Mashariki ingali yangoja. Hiyo si hesabu, lakini ni hoja, na apewe msemaji mwenye sauti tulivu, dakika mbili, asipige kelele.

Kuhusu uendeshaji: dakika tano kwa msemaji, mtunza saa asiyemwonea mtu haya, na wiki inayofuata pande zibadilishane. Hilo la kubadilishana msiliache. Kijana akiitetea Jumatano reli aliyoipinga Jumatano iliyopita, hujua hoja ipi ilikuwa imara na ipi ilikuwa sauti tu. Kila tarakimu itajwe na mwaka wake.

Juzi binti wa Matondoni aliwekwa upande wa kupinga. Alisimama na lile daftari la jetini, akawageukia waungaji, akasema: "Yule mwenye duka la mtaa wa 116, miaka yote ya uzio, alipwa na nani, na je, fedha hiyo imo katika hizo bilioni au haimo?" Waungaji wakaangaliana. Kiongozi wao akainua mkono kwa mwenyekiti, akaomba wiki moja wakatafute. Tukawapa.