Namna ya Kupanga Likizo ya Ufukweni na Visiwani kwa Gharama Nafuu

Watu wengi wanaopanga likizo ya visiwani huanza na chumba: hutafuta hoteli ya bei ndogo iliyo karibu na maji, huilipia, kisha ndipo huuliza namna ya kuifikia. Utaratibu huo ndio unaozifanya likizo nyingi zivuke bajeti, kwa sababu chumba ni gharama inayoonekana na inayopunguzika kwa urahisi, ilhali fedha nyingi hupotelea katika mwezi uliochaguliwa vibaya na katika idadi ya mara ambazo msafiri atalazimika kuvuka bahari. Ushauri wangu ni kuamua mwezi kwanza, vivuko baadaye, na chumba mwisho kabisa.

Katika nchi za tropiki bei hazifuati joto, bali hufuata mvua na upepo. Hupanda anga linapokuwa kavu na bahari kutulia, na hupanda zaidi kipindi hicho kikigongana na Krismasi, Pasaka au likizo za shule. Hata hivyo, anayetafuta nafuu asikimbilie kilele cha mvua, kwa kuwa wakati huo boti hufuta safari, maji huvurugika, na chumba cha bei ndogo hugeuka kuwa mahali pa kungojea mvua ikatike. Alenge majuma machache yaliyo kwenye ukingo wa msimu mzuri, pale wenye nyumba wanapokuwa wameanza kushusha bei na hali ya hewa ingali ya kuridhisha.

Tena nchi moja inaweza kuwa na misimu miwili inayopishana. Nchini Thailand, pwani ya Andaman yenye Phuket na Krabi hupata mvua nyingi kati ya Mei na Oktoba, lakini kisiwa cha Koh Samui, kilicho upande wa Ghuba ya Thailand, hupata mvua zake kubwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo mwenye likizo ya Julai hana haja ya kubadili nchi, anahitaji kubadili upande tu. Katika Karibi, msimu rasmi wa vimbunga huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30, nao hukolea kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba, ila Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga hivyo na hupigwa kwa nadra. Huko huko Karibi, tangu mwaka 2011 fukwe nyingi zimekuwa zikifunikwa na mwani unaoelea uitwao sagasamu, hasa zile zinazotazama Atlantiki, na ndiyo maana inafaa kuuliza ufuko unatazama upande gani kabla ya kufurahia punguzo.

Mwezi ukishaamuliwa, hesabu vivuko. Kila kisiwa kinachoongezwa kwenye ratiba huleta nauli ya boti, usafiri wa kwenda na kutoka bandarini, na takriban nusu siku ya kufunga mizigo na kusubiri. Kwa likizo ya siku saba mimi huchagua kisiwa kimoja, na sijapata kujuta. Maldivi ni mfano mzuri wa jinsi kivuko kinavyoamua bei: nyumba za wageni zipo katika visiwa vinavyokaliwa na wenyeji, kama Maafushi, ambako mtu hufika kwa feri ya umma kutoka Malé, mji mkuu, ilhali hoteli za visiwa binafsi mara nyingi humtaka mgeni alipie boti ya kasi au ndege ya majini. Ndege hizo huruka mchana pekee, kwa hiyo anayetua jioni hulazimika kulipia usiku mmoja zaidi njiani. Feri za umma nazo kwa kawaida hazifanyi kazi siku ya Ijumaa.

Jambo la kuhakikisha kabla ya kukata tiketi ya ndege, basi, ni saa ya boti ya mwisho. Niliwahi kufika bandarini baada ya boti ya mwisho kung'oa nanga, kwa sababu nilikuwa nimeweka saa moja tu kati ya kutua na kuvuka, na fedha niliyomlipa mwenye boti ya kukodi ilizidi akiba yote niliyopata kwa kuchagua ndege ya bei ndogo. Tangu hapo mimi huacha nafasi ya saa nne kamili, au hulala karibu na bandari na kuvuka asubuhi, wakati ambapo mara nyingi bahari huwa shwari zaidi.

Sasa chumba. Kabla ya kukichagua, soma jedwali la maji kujaa na kupwa la mahali hapo, kwani picha za matangazo hupigwa maji yakiwa yamejaa. Katika sehemu kubwa ya Karibi tofauti haifiki nusu mita na msafiri anaweza kuipuuza, lakini katika pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvua, maji huweza kupanda na kushuka kwa takriban mita nne, na penye ufuko tambarare bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku za katikati ni za maji mafu, ambapo tofauti hupungua. Penye kujaa mara mbili kwa siku, saa ya kujaa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Maana yake ni kwamba maji yakijaa saa sita mchana siku ya kufika, juma moja baadaye saa hiyo hiyo yatakuwa yamekupwa. Mwenye kulijua hili anaweza kuchukua chumba nafuu kwenye ufuko unaokauka na kupanga kuogelea kwake kwa saa, badala ya kulipia zaidi ufuko wenye kina.

Uliza pia bei kamili, pamoja na kodi za utalii, kwa kuwa baadhi ya maeneo hutoza kwa kila usiku na mengine, kama Bali nchini Indonesia tangu Februari 2024, hutoza kila mgeni wa kigeni anapoingia. Chumba chenye jiko dogo hulipa haraka kwa familia, kwani vyakula vingi vya visiwani huletwa kwa meli na mikahawa ya ufukweni huongeza yake juu.

Beba fedha taslimu za kutosha, maana visiwa vidogo vingi havina mashine ya kutolea fedha. Beba miwani yako ya kuzamia na bomba la kupumulia, kwa kuwa kukodi kila siku hujumlika. Losheni ya kujikinga na jua iwe isiyodhuru matumbawe; nchi ya visiwa ya Palau ilipiga marufuku zenye kemikali hatari kuanzia 2020, na mgeni hunyang'anywa mpakani. Bima isomwe kipengele kwa kipengele, hasa kuhusu kusafirishwa kwa dharura kutoka kisiwani, ambayo ndiyo gharama pekee humu ninayoona haifai kubanwa hata kidogo.

Wanaozamia kwa mitungi wapange mizamo yao mwanzoni mwa juma. Baada ya kuzamia mara kadhaa hushauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na siku hiyo ya kusubiri ndiyo inayofaa kuvukia kurudi bara, mapema, kwa boti ya kwanza.