Nakala Mbili, Wasomaji Sita: Namna ya Kupata Watu wa Kusoma Nao

Vikundi vingi vya usomaji huanza kwa shangwe. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, watu hamsini wanaingia siku ya kwanza, kitabu kinapigiwa kura, na wiki ya nne zimebaki salamu za asubuhi tu. Ukichunguza utakuta wengi hawakushindwa kusoma. Hawakukipata kitabu. Kilikuwa kwenye duka moja tu mjini, au bei ilikuwa kubwa, au aliye Kigoma alingoja kifurushi cha basi mpaka hamu ikamwisha. Ndiyo maana hapa tunaanza na watu wachache, na tunarudi kwenye suala la nakala kila mara.

Weka ukurasa, usiweke jalada peke yake

Wasomaji hawajulikani kwa sura. Jirani yako, dereva wa bodaboda unayempanda kila siku, binamu yako aliye Muscat: huenda wote wana kitabu kando ya kitanda na hakuna anayejua. Njia rahisi ya kuwatoa ni stetasi ya WhatsApp, lakini picha ya jalada yenye maneno "kitabu kizuri sana" haimpi mtu pa kushikia. Atakachokujibu ni kidole gumba, basi.

Andika mambo matatu: umefika ukurasa wa ngapi kati ya ngapi, kuna nini hapo, na swali moja ambalo hata asiyekisoma kitabu anaweza kulijibu. Kwa mfano:

"Niko ukurasa wa 64 kati ya 210. Bibi harusi katoroka usiku wa kuamkia ndoa, na aliyemfungulia mlango ni mama yake mzazi. Wewe ungemlaumu nani?"

Hapo hata shangazi ambaye hajashika riwaya tangu amalize shule atajibu. Piga picha kando ya dirisha mchana, maana mwanga wa balbu huacha doa jeupe kwenye karatasi na maandishi hayasomeki. Jina la kitabu na la mwandishi yaandike kwa maneno chini ya picha ili mtu aweze kuyanakili akiyatafuta dukani. Stetasi hukaa saa 24 tu, kwa hiyo iweke jioni watu wakiwa wametulia. Itakuwa bado ipo kesho yake asubuhi kwenye daladala. Mara mbili kwa wiki inatosha.

Kazi yenyewe iko kwenye majibu. Aliyejibu kwa sentensi nzima mwandikie: "Nikikimaliza nikupitishie?" Akikubali, mwandike kwenye daftari. Ndani ya mwezi mmoja au miwili utakuwa na majina matatu au manne ya watu wanaosoma kweli, na hao wanatosha kuanzia.

Wasomaji wasio kwenye simu yako

Anzia maktaba. Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mikoani kuna maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Nairobi kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na kaunti nyingi zina maktaba yao. Usiishie kukaa na kusoma. Mwendee mkutubi na maswali mawili: nani huazima riwaya mara kwa mara, na kama kuna chumba au kona mnayoweza kukaa kwa saa moja na nusu siku ya Jumamosi. La kwanza pengine hatalijibu kwa kutaja majina, na ni sawa asitaje. Mwachie kikaratasi awape wahusika.

Wachuuzi wa vitabu vya mitumba wanajua mengi kuliko tunavyodhani. Wale wa kando ya barabara Nairobi, ambao Wakenya huita maduka yao "inama" kwa kuwa lazima uiname kuchagua, wanawakumbuka wateja kwa vitabu walivyonunua. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaotandaza vitabu mitaa ya Posta na Kariakoo, Dar es Salaam. Nunua kwake mara mbili tatu kwanza, kisha mwombe akuwekee vikaratasi vyako ndani ya riwaya anazouza. Kwenye maduka ya vitabu na mikahawa yenye vitabu, kama Soma Book Café ya Dar es Salaam, uliza pia ratiba ya shughuli zao, kwa sababu anayekuja kumsikiliza mwandishi siku ya kazi ni msomaji bila shaka yoyote.

Kikaratasi kiwe robo ya A4. Andika kitabu mnachosoma, mahali, siku na saa, na mstari mmoja: "Njoo hata kama hujakimaliza." Ukiweka namba ya simu, isiwe ile unayopokelea fedha, kwa sababu mtu yeyote akijaribu kukutumia pesa huona jina lako. Akina dada hasa wazingatie hili. Mkutano wa kwanza na watu msiojuana uwe mchana, mahali pa watu wengi, na uishe mapema ili kila mmoja afike kwake kabla ya giza.

Nakala kabla ya kura

Msipige kura ya kitabu mpaka mmoja wenu amekwenda dukani na kuhesabu nakala zilizopo. Chagueni vitabu vitatu vinavyopatikana leo, halafu ndipo mpige kura kati ya hivyo vitatu. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayookoa vikundi.

Si lazima kila mtu anunue. Kwa watu 6, nakala 2 zinatosha. Tuseme kitabu ni shilingi 20,000 za Tanzania: nakala mbili ni 40,000, yaani kama 6,700 kwa kila mtu. Kila nakala inapita kwa watu watatu, siku 10 kila mmoja, na siku ya 30 wote sita wamesoma. Riwaya ya kurasa 210 kwa siku 9 ni kurasa 23 au 24 kwa siku, takriban dakika 45 kwa mtu anayetumia dakika mbili kwa ukurasa. Siku ya kumi ni ya kukabidhiana. Mkutano uwekeni wiki ya tano.

Bandikeni karatasi ndani ya jalada la nyuma, ichoreni safu tatu: jina, tarehe ya kupokea, tarehe ya kupitisha. Kila mtu ajaze mbele ya anayempokeza. Karatasi hii inapunguza ugomvi kuliko kumkumbusha mtu kwenye kundi mbele ya wenzake, jambo linalomfedhehesha akanyamaza na kitabu kikanyamaza naye.

Panga foleni kwa akili. Siku zinazopotea humwangukia wa mwisho: wa kwanza akichelewa siku tatu na wa pili siku mbili, wa tatu anabaki na siku tano. Kwa hiyo anayesoma haraka awe wa mwisho. Wa kwanza naye ana shida yake, kwamba siku ya mkutano itakuwa imepita wiki tatu tangu afunge kitabu na mengi yamemtoka. Dawa yake ni kila msomaji kuacha ndani kikaratasi chenye kurasa tatu alizozipenda au zilizomuudhi, bila maelezo. Anayefuata ataona "uk. 118" na atafika pale akiwa na shauku ya kujua mwenzake aliona nini.

Tafsiri ni nafuu kubwa kwa kundi lenye watu wa lugha mbili, ila msipange kwa kurasa. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi, mmoja anaweza kuisoma kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza, lakini namba za kurasa hazitalingana. Pangeni kwa sura.

Siku ya kukutana

Dakika 90 zinatosha, watu 6 hadi 8. Wakizidi kumi, watatu ndio watazungumza na waliobaki watasikiliza. Anzeni kwa mzunguko: kila mtu asome kwa sauti aya moja aliyoichagua, aseme kwa nini, dakika tano. Watu wanane ni dakika 40, na kufikia hapo ubishi wa kweli umekwisha kuanza wenyewe. Msimamizi awe na maswali matatu mfukoni kwa ajili ya pale patakapokuwa na ukimya. Msimamizi abadilike kila mwezi.

Kuna jambo moja linaloharibu mazungumzo kwa upole sana. Wengi wetu riwaya ya mwisho tuliisoma kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo mdomo ukifunguka unatoka uchambuzi wa kidato cha nne: dhamira, wahusika, mandhari, fani na maudhui. Maneno hayo hayana kosa, lakini yanamfunga mtu ambaye hakuyasoma au aliyeyachukia. Mtu akisema "mhusika mkuu ni jasiri", mwulize tu: wapi? Akifungua ukurasa kuonyesha mahali, mmerudi kwenye kitabu.

Ambaye hajamaliza aruhusiwe kuja. Kabla ya kugusa mwisho wa hadithi, ulizeni nani angependa kutoka nje kidogo, na mwisho wa hadithi uzungumzwe dakika 20 za mwisho. Kundi likiwa na Waislamu, Ramadhani hamishieni mkutano baada ya tarawehe au chagueni kitabu chembamba.

Na kama nakala ni tatizo sugu, someni ushairi. Hapo nakala moja inawatosha wote, kwa kuwa shairi lilikusudiwa kusikika. Mmoja aghani, wengine wasikilize. Beti 15 hadi 20 za utenzi kwa mkupuo, kisha mnasimama. Utenzi wenye mizani nane kwa mstari huenda haraka sana ukisomwa kimya, na masikio hukamata vina na maana ambazo macho yaliruka. Mtu mwingine ashike kamusi, maana Kiamu na Kimvita, lahaja za Lamu na Mombasa, vina maneno ambayo msomaji wa bara hajawahi kuyasikia. Msione haya kusimama kwenye neno moja kwa dakika kumi. Mzee aliyekulia Mombasa au Lamu akiwapo, kamusi hiyo itafungwa mapema, naye mpeni nafasi ya kukaa mbele.

Kundi la mtandaoni

WhatsApp inaruhusu watu hadi 1,024 katika kundi moja. Msifike huko. Kundi la mazungumzo likipita watu 30, ujumbe wa kusambazwa na picha za "asubuhi njema" huzika mjadala. Wakiwa wengi, tenganisheni: kundi moja la matangazo ambamo admini pekee huandika, na kundi dogo kwa kila kitabu, linalofungwa kitabu kikiisha.

Sheria zisizidi nne, na zibandikwe juu. Kila anayeandika aanze kwa kutaja sura, kwa mfano "SURA YA 7", ili ambaye hajafika aruke. Telegram ina namna ya kuficha maneno mpaka msomaji ayaguse. WhatsApp andika onyo kwanza, shuka mistari mingi ya nukta, ndipo useme. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, kwa sababu bando ni la mtu na si kila mtu yuko mahali pa kusikiliza. La nne ni gumu zaidi: hakuna kutuma pdf ya kitabu kizima kilicho dukani. Mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache mno kumudu hasara hiyo, na duka lisipouza halitaagiza tena, kisha mwakani mtakitafuta msikipate. Picha ya ukurasa mmoja kwa ajili ya mjadala inatosha.

Mkiwa na wenzenu wa nchi nyingine, saa ndiyo itakayowavuruga. Ukiandika "saa 2", wa Tanga ataelewa usiku na aliyezaliwa Toronto atakuja mchana. Andikeni zote mbili: "saa mbili usiku (20:00) kwa saa za Nairobi na Dar". Muda huo ni saa tatu usiku Muscat na saa moja jioni Bujumbura, Kigali na Lubumbashi. London ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, na saa kumi na mbili wakati wa kiangazi. Toronto ni saa sita mchana wakati wa baridi na saa saba wakati wa kiangazi. Ulaya na Amerika ya Kaskazini hazibadilishi saa siku moja, kwa hiyo Machi na Oktoba hadi Novemba tumeni kikumbusho.

Tovuti za wasomaji za Goodreads na StoryGraph zinafaa kwa kutunza orodha na kuwaona wasomaji usiowajua, ila vitabu vingi vya Kiswahili havimo au vimeandikwa kwa makosa. Tafuteni kwa ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu iliyo nyuma ya jalada, badala ya jina: nyingi za Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987, nyingi za Kenya 978-9966. Kitabu kikikosekana, kiongeze mwenyewe, ujaze lugha kuwa Kiswahili. Maoni yako pia yaandike kwa Kiswahili, kwa kuwa anayekitafuta kitabu hicho mara nyingi hutafuta kwa maneno ya lugha hiyo.

Mwezi utafika ambapo watakuja watu wawili tu. Msiahirishe. Someni zile aya zenu, zungumzeni, kisha tuma kwenye kundi mistari mitano ya yaliyosemwa na ukurasa mliobishania zaidi. Kitabu kikipotea, aliyekuwa nacho kwenye karatasi ya jalada anunue kingine au alipe nusu ya bei, nusu itoke kwenye mfuko wa kundi, na jina lake libaki kwenye foleni ya kitabu kinachofuata.