Jinsi ya kuiombea taasisi ya kigeni kibali cha utafiti Tanzania

Taasisi ya umma ya utafiti kutoka nje ikitaka kufanya kazi Tanzania, safari yake haianzii ubalozini. Inaanzia kwako, mshirika wa ndani. Mtafiti wa kigeni asiye na mshirika Mtanzania hapati kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986.

Kwa hiyo barua ya ushirikiano usiisaini kwa kuoneana haya. Kaeni kwanza, muandikiane: data itatunzwa wapi, sampuli zikisafirishwa zitakuwa mali ya nani, majina ya nani yatatokea kwenye makala, na fungu lenu kwenye bajeti ni lipi. Mkiyaacha hayo hadi kibali kitoke, kazi yenu itakuwa kupokea wageni uwanja wa ndege na kutafuta dereva.

Ombi lenyewe hufanywa mtandaoni. Mgeni huambatisha andiko la utafiti, wasifu wake, nakala ya pasipoti, barua ya taasisi yake na ile yenu. Kila mgeni ana kibali chake. Cha kiongozi wa mradi hakimhusu mwanafunzi aliyekuja naye.

Utafiti wa afya unahitaji pia kibali cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hapa wengi hukwama kwenye fomu ya ridhaa: lazima iwepo ya Kiswahili, na iwe Kiswahili anachokielewa mama wa kijijini, si tafsiri ya mashine. Sampuli za binadamu kwenda nje zina mkataba wake wa uhamisho. Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania. Zanzibar ina utaratibu wake, msitegemee kibali cha bara.

Kibali kikitoka, mgeni aombe kibali cha ukaazi cha Daraja C kutoka Idara ya Uhamiaji. Asianze kazi kwa viza ya utalii.

Halafu zinakuja barua za utambulisho: kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, kata, hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Msiruke ngazi. Mtendaji wa kata aliyesikia habari zenu mtaani kabla ya kuiona barua ana haki ya kuwasimamisha, na atawasimamisha.

Kibali kwa kawaida ni cha mwaka mmoja. Andikeni ripoti mapema, maana bila ripoti ya kazi iliyofanyika hakihuishwi.