Jinsi ya Kutambua Ugonjwa wa Alzheimer kwa Mtu Ambaye Hajafikia Miaka 65

Mgonjwa aliyechunguzwa na daktari Alois Alzheimer mjini Frankfurt mwaka 1901, ambaye kwake ugonjwa huu unaoharibu ubongo polepole ulielezwa kwa mara ya kwanza, alikuwa na umri wa miaka 51 tu. Hata hivyo, mpaka leo mtu wa makamo anayeanza kupotewa na kumbukumbu mara nyingi huambiwa ana msongo wa mawazo, sonona au dalili za kukoma hedhi, na miaka hupita kabla hajapimwa ipasavyo.

Mlinganishe mtu na alivyokuwa yeye mwenyewe zamani. Kusahau ulipoweka funguo ni jambo la kawaida. Kinachotia shaka ni mhasibu mzoefu kukwama katikati ya hesabu anazozifunga kila mwezi, au mtu kurudia swali lile lile bila kujua kwamba ameshajibiwa. Tena, katika umri huu kumbukumbu yaweza kubaki nzuri mwanzoni, huku mtu akihangaika kutafuta maneno, akishindwa kusoma mstari hadi mwisho, au akipapasa kikombe kilichopo mbele yake ilhali daktari wa macho haoni kasoro yoyote. Dalili hizi za kuona hupuuzwa mno, nami nasihi zisipuuzwe.

Andika mabadiliko hayo pamoja na tarehe zake, kisha umsindikize mgonjwa hospitali, kwa kuwa huenda yeye mwenyewe hayatambui. Kwanza daktari hutafuta sababu zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi dundumio (iliyo shingoni), kaswende, virusi vya UKIMWI, sonona, kukosa usingizi na dawa anazotumia. Hufuata majaribio ya kumbukumbu na lugha, kama vile kuchora saa ya ukutani, pamoja na picha ya ubongo ya MRI. Msomi anaweza kufaulu jaribio fupi ingawa ni mgonjwa, kwa hiyo omba upimaji wa kina iwapo mashaka yanabaki. Protini za amiloidi na tau, ambazo ndizo alama za ugonjwa wenyewe, hupimwa katika maji ya uti wa mgongo au kwa picha ya ubongo ya PET.

Iwapo ndugu kadhaa wa vizazi mfululizo waliugua kabla ya kufikia miaka 65, uliza kuhusu jeni za APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikiwa na hitilafu husababisha ugonjwa huu mapema. Mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi, hivyo ushauri nasaha utangulie kipimo.